Sifa si Kilemba cha Ukoka

Wako watu wasemao kwamba kijana wa leo hana haja ya kusoma nyimbo ambazo Wagiriki wa kale walizitunga kuisifu miungu yao. Watu hao huzishitaki nyimbo hizo kwa makosa matatu. Shitaka la kwanza ni kwamba kumsifu mwenye nguvu ni kujipendekeza tu, na kwamba washairi wale walikuwa wakimvika Zeus kilemba cha ukoka ili wapate faida. La pili ni kwamba miungu hiyo ilikuwa ya uongo, na kusoma sifa zake ni kuichafua imani. La tatu ni kwamba mahekalu ya miungu hiyo yamekwisha kuwa magofu, na magofu hayamjazi mtu tumbo.

Msomaji, mashitaka haya husemwa kwa sauti kubwa, na sauti kubwa aghalabu hudhaniwa kuwa hoja. Mimi nasema kwamba hakuna hata moja kati yake linaloweza kusimama. Nasema na zaidi ya hayo: kijana asiyejua kupambanua sifa ya haki na sifa ya kujikomba atakuwa mtumwa wa kila mwenye kiti kirefu, na nyimbo hizi ni miongoni mwa shule bora za kujifunzia upambanuzi huo.

Kwanza yatupasa kujua jambo tunalolizungumza, maana wengi wazilaumuo nyimbo hizi hawajasoma hata mmoja. Mkusanyo ulio mashuhuri kuliko yote huitwa Nyimbo za Homer, nao una nyimbo 33. Watu wa kale walidhani kwamba mtunzi wake ni Homer, yule wa Iliad na Odyssey. Wataalamu wa leo husema kwamba zilitungwa na washairi mbalimbali, na kwamba nyingi katika zile ndefu ni za karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo (K.K.). Uko wimbo wa mistari 3 tu. Na uko wimbo wa Hermes wenye mistari 580. Wimbo wa Demeter, wenye mistari 495, ulikuwa karibu kupotea duniani. Umetufikia katika hati moja tu ya mkono, iliyogunduliwa mjini Moscow mwaka 1777 na kuhifadhiwa Leiden, Uholanzi.

Nyimbo nyingi za namna hii hufuata njia moja. Mshairi humwita mungu kwa majina yake na kwa mahali apendapo kukaa. Kisha husimulia kuzaliwa kwake au tendo lake kuu. Mwisho humwaga kwa heri na kumwomba jambo. Kijana aliyelelewa katika Kiswahili hataiona njia hiyo kuwa ngeni kabisa, maana tenzi zetu nyingi za zamani huanza kwa kumtaja Mungu na kumsifu kabla ya kuingia katika habari yenyewe. Tofauti ya imani ni kubwa, lakini adabu ya kulifungua neno zito kwa sifa ni moja.

Sasa tulitazame shitaka la kwanza. Washitaki hupenda kuiita mahakamani methali yetu isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Lakini mgema yule aliharibika kwa sababu aliyemsifu alimtazama mtu akalisahau tembo. Kama angalilitaja tembo lenyewe, akasema lilivyokuwa tamu jana na lilivyo chapwa leo, mgema angaliilinda kazi yake. Basi ubaya haumo katika sifa. Umo katika sifa isiyotazama kazi.

Usome wimbo wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, uone kama mtunzi wake alikuwa mtu wa kujipendekeza. Zeus, mfalme wa miungu, alimruhusu ndugu yake Hades, mtawala wa kuzimu, amchukue Persephone, binti wa Demeter, awe mkewe. Mama hakuulizwa. Binti alinyakuliwa alipokuwa akichuma maua, na kilio chake kikasikika milimani. Demeter alimtafuta siku tisa, mienge mikononi, bila kula wala kuoga, mpaka mungu wa jua akamwambia ukweli. Ndipo alipoiacha jamaa ya miungu, akajigeuza ajuza, akafika Eleusis karibu na Athens, akawa mlezi wa mtoto wa watu. Kisha akaizuia nafaka isiote. Ng'ombe walikokota majembe shambani bure, mbegu zikalala ardhini, wanadamu wakakaribia kuangamia kwa njaa, na miungu ikakaribia kukosa sadaka. Zeus alituma mjumbe, Demeter akakataa. Alituma miungu mingine, mmoja baada ya mwingine, pamoja na zawadi, Demeter akakataa. Mwishowe mfalme alilazimika kumrudisha binti. Kwa kuwa Persephone alikuwa amelishwa punje ya komamanga kuzimu, iliamuliwa kwamba akae huko theluthi moja ya mwaka, na theluthi mbili akae na mama yake.

Niambie, msomaji: je, hiyo ni kazi ya mtu ajikombaye? Katika wimbo wa sifa, tena mbele ya umma, mshairi amemwonyesha mfalme wa mbingu akimtoa binti pasipo ridhaa ya mama yake, kisha akishindwa na mama huyo. Hakumtukana Zeus, wala hakumfichia. Amemsifu Demeter kwa kutaja uchungu wake, subira yake na nguvu ya kukataa kwake. Asomaye wimbo huo hujifunza kwamba amri iliyotolewa bila kumwuliza anayeumia haina amani, hata ikitoka katika kiti kilicho juu kuliko vyote.

Wimbo wa Hermes ni wa kuchekesha, lakini una funzo lile lile. Mtoto huyo alizaliwa alfajiri. Adhuhuri alikuwa anapiga kinubi alichokitengeneza kwa gamba la kobe. Jioni akaiba ng'ombe 50 wa ndugu yake Apollo, akiwaswaga kinyumenyume ili nyayo zao ziwapoteze watafutaji. Alipopelekwa mbele ya Zeus alikana bila haya. Zeus alicheka, lakini hakumwachia: alimwamuru aonyeshe mahali alipowaficha. Hermes akampa Apollo kile kinubi, na ugomvi ukageuka urafiki. Sifa hapa haiuiti wizi ujanja wa heshima. Inautaja, inaupeleka mbele ya mwamuzi, kisha inaonyesha jinsi haki ilivyotengenezwa upya.

Tena yafaa kukumbuka kwamba Wagiriki walikuwa na neno charis, ambalo lilikusanya pamoja hisani, furaha na shukrani. Hisani ilitolewa ikapokewa, na aliyeipokea alitazamiwa kuirudisha. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za mkusanyo ule huisha kwa ahadi ya mshairi kwamba atamkumbuka mungu yule tena katika wimbo mwingine. Hayo si maneno ya mtumwa alalaye kifudifudi. Ni maneno ya mtu mwenye kitu cha kutoa, ajuaye thamani ya kitu chake.

Shitaka la pili lastahili heshima zaidi, maana latoka kwa watu waipendao dini. Lakini kusoma si kusujudu. Msafiri huuliza desturi za mji aliofikia, wala hageuki kuwa mwenyeji kwa kuuliza. Isitoshe, Wagiriki wenyewe hawakuimeza kila habari waliyosimuliwa. Xenophanes wa Colophon, katika karne ya 6 K.K., aliwalaumu Homer na Hesiod kwa kuisingizia miungu wizi, uzinzi na udanganyifu, na akaonyesha kwamba kila taifa huiwaza miungu kwa sura ya taifa hilo. Plato naye, katika kitabu cha Jamhuri, aliwafukuza washairi katika mji wake wa fikira. Hata hivyo alizibakiza nyimbo za kuisifu miungu na sifa za watu wema. Watu walioweza kuhojiana hivyo juu ya miungu yao hawawezi kuitwa vipofu na mtu asiyewasoma.

Mtazame Cleanthes. Alizaliwa Assos, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye alikuwa maskini. Husimuliwa kwamba mchana alijifunza falsafa mjini Athens, na usiku alichota maji ya kunyweshea bustani za watu ili apate chakula chake. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha Wastoa, mahali pa mwalimu wake Zeno. Wimbo wake wa kumsifu Zeus umebaki hata leo. Zeus wa wimbo huo si yule mwenye hila na hasira wa hadithi za zamani. Ni akili moja iuongozayo ulimwengu wote kwa sheria. Na mchota maji huyo hakuomba mali wala ushindi. Aliomba wanadamu waokolewe katika ujinga. Je, ombi hilo lamchafua nani?

Tena mwenye kuipenda Biblia na akifungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo alipohubiri Athens aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba baadhi ya washairi wao wenyewe walikwisha kusema kwamba wanadamu ni wazao wa Mungu. Kauli hiyo imo katika utangulizi wa shairi la Aratus juu ya nyota, utangulizi umsifuo Zeus; na wazo la namna hiyo limo pia katika wimbo wa Cleanthes. Aratus alikuwa mtu wa Soli katika Kilikia, jimbo alikotoka Paulo mwenyewe. Basi neno moja kutoka katika sifa za Zeus limesomwa kwa Kiswahili katika makanisa ya Kenya kwa miaka mingi, wala hakuna aliyeligeukia Zeus kwa ajili yake. Paulo alizisoma sifa hizo akachukua lililofaa. Mwanafunzi wa leo aogope nini?

Shitaka la tatu ni la wale wapimao kila kitu kwa kibaba. Wao huuliza faida. Basi nawajibu kwa faida. Thucydides, mwandishi wa historia wa karne ya 5 K.K., alipotaka kuthibitisha kwamba tangu zamani watu wa Ionia walikusanyika kisiwani Delos pamoja na wake zao na watoto wao, kwa michezo, ngoma na nyimbo, alileta ushahidi kutoka katika wimbo wa sifa za Apollo. Wimbo ulikuwa hati ya historia. Mwaka 1893 wachimbuzi Wafaransa huko Delphi waligundua nyimbo mbili za Apollo, za karne ya 2 K.K., zilizochongwa katika ukuta wa mawe pamoja na alama za muziki wake. Kwa mawe hayo wataalamu wa leo hujifunza jinsi sauti za waimbaji wa kale zilivyopanda na kushuka. Na mwaka 1894, katika mkutano wa Paris ulioazimia kuifufua michezo ya Olimpiki, mmoja wa nyimbo hizo uliimbwa mbele ya wajumbe. Michezo ya kale ya Olympia ilifanywa kwa heshima ya Zeus. Na michezo hiyo iliyofufuliwa ndiyo aliyoshindana Naftali Temu huko Mexico mwaka 1968, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Mti tunaokula matunda yake haufai kuitwa gogo kavu.

Lakini, msomaji, nisingekuwa mwadilifu kama ningewapinga wazidharauo nyimbo hizi nikawaacha waziabuduo. Wako watu wengine, nao ni hatari vile vile, wasemao kwamba Wagiriki ndio waliowafundisha wanadamu kusifu kilicho juu yao. Huo ni uongo. Enheduanna, kuhani wa kike wa mji wa Uru, katika nchi ambayo leo ni Iraq, alihusishwa na tenzi za sifa zaidi ya miaka 1500 kabla ya Nyimbo za Homer. Katika Misri, nchi ya bara letu hili, sifa za jua la Aten zilichongwa makaburini katika karne ya 14 K.K. Na Wagiriki wenyewe hawakukaa Ugiriki tu. Callimachus, aliyeacha nyimbo sita za sifa, alitoka Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akafanya kazi yake Alexandria. Katika karne ya 1 K.K. mtu aitwaye Isidorus alitunga kwa Kigiriki nyimbo nne za kumsifu Isis, mungu wa kike wa Misri, zikachongwa katika hekalu la Fayum. Soma Kigiriki kama usomavyo kazi ya jirani mwenye akili, usiisome kama amri ya bwana.

Nimefika sasa katika neno lililonifanya niandike. Mwaka 307 K.K. jemadari Demetrius aliukomboa mji wa Athens katika mikono ya maadui zake, na wananchi wakampa yeye na baba yake Antigonus heshima zipasazo miungu. Baadaye walimkaribisha akae katika Parthenon, hekalu la mungu wao Athena. Bahati yake ilipogeuka walimfungia milango. Naye akarudi na jeshi, akauzingira mji mpaka watu wakateswa na njaa, akauteka na kuweka askari wake ndani. Ndipo, karibu na mwaka 291 K.K., alipoingia tena Athens, watu wale wale walimlaki kwa wimbo wa sifa.

Wimbo huo umehifadhiwa mpaka leo. Umbo lake ni lile lile la nyimbo za miungu: una wito, una sifa, una ombi. Lakini ulisifu nini? Ulisifu uzuri wa uso wake, ukamfananisha na jua kati ya nyota, ukamzulia wazazi miongoni mwa miungu. Ulidai kwamba miungu mingine haisikii au haipo kabisa, hali Demetrius anaonekana kwa macho. Kisha ukamwomba awapigie adui zao, maana wao wenyewe hawakuwa na nguvu. Njaa aliyowaletea haikutajwa. Yule mshairi wa Demeter aliithubutu njaa ya mungu akaieleza wazi. Hawa hawakuthubutu kuitaja njaa ya mwanadamu.

Mwathene mmoja, Demochares, aliandika habari za kujikomba huko kwa kulaumu. Asema kwamba Demetrius mwenyewe alistaajabu, akanena kwamba katika zama zake hakupatikana Mwathene hata mmoja aliyekuwa mkubwa wa roho. Hayo ndiyo malipo ya kilemba cha ukoka: aliyevikwa humdharau aliyemvika. Karibu na mwaka 287 K.K. Athens ilimwasi, na mwaka 283 K.K. alikufa akiwa mfungwa wa mfalme Seleucus. Sifa zile hazikumsaidia yeye, wala hazikuwasaidia wao.

Kwa hiyo, kijana, usidanganywe na umbo la wimbo, wala usiichukie sifa kwa sababu wako watu waliiharibu. Utakaposikia mtu anasifiwa, ikiwa ni katika kitabu cha kale au katika uwanja wa mji wako, uliza maneno matatu. Je, sifa hii yataja tendo, au yataja uso na ukoo tu? Je, yathubutu kutaja maumivu aliyoyasababisha msifiwa? Je, msemaji angalisema hivyo kama msifiwa asingalikuwa na jeshi wala hazina? Sifa ikiyapita maswali hayo, iheshimu na uiimbe kwa sauti yako yote, maana mwema anastahili haki yake. Isipoyapita, nyamaza, hata kama uwanja mzima unaimba. Nawe ukitaka kuizoeza akili yako kuuliza hivyo, uanze kwa wimbo wa yule mama aliyeizuia nafaka mpaka mfalme wa mbingu akasikia.